Kufunga Pointi: Uhakiki wa Vitenzi katika Lugha ya Ufundi wa Pikipiki

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1967, kazi ya istilahi nchini imekuwa kwa sehemu kubwa kazi ya majina. Hutolewa orodha, kushoto pana neno la Kiingereza, kulia pana neno la Kiswahili, na mwenye haja hutazama akaenda zake. Hata Rajmund Ohly alipotoa kamusi yake ya msingi ya ufundi, ya Kiingereza kwa Kiswahili, mwaka 1987, safari yake ilianzia kwenye neno la kigeni ikaishia kwenye la kwetu. Hatuna nia ya kuibeza kazi ya namna hiyo, maana bila yake mwalimu wa ufundi angesimama mbele ya darasa mikono mitupu. Tunachotaka kuonyesha ni kwamba pana mahali ambapo orodha ya majina, iwe nzuri kiasi gani, haimwokoi mfasiri, na mahali hapo ni kwenye vitenzi.

Mfano wetu tumeuchagua mdogo makusudi. Ni kazi ya kufunga na kuimarisha vile vipande vinavyoamua wakati wa cheche katika injini za pikipiki za zamani, yaani zile zinazotumia pointi. Hapa Dodoma na katika nyanda za kati kwa jumla, pikipiki imekuwa chombo cha bwana shamba, cha mganga, cha katekista na cha mwalimu mkuu kwa miaka mingi kabla ya vijana wa bodaboda kuijaza mitaa. Njia za Kondoa, Mpwapwa na Manyoni zilikuwa mtihani wa kila nati. Kipande ambacho hakikukazwa sawasawa hakikumaliza safari, na aliyekuwa juu yake alilala porini. Kwa hiyo tunapojadili kama agizo fulani limeandikwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, hatujadili pambo la lugha.

Yafaa kwanza tueleze kwa ufupi kazi yenyewe, kwa faida ya wasomaji wasio mafundi. Injini ya petroli huhitaji cheche kwenye plagi muda mfupi kabla pistoni haijafika kikomo chake cha juu. Katika pikipiki kama BSA Bantam, iliyotengenezwa Birmingham kuanzia 1948 hadi 1971, au Honda CG125 za mwanzo zilizotoka mwaka 1976, cheche hiyo hutokana na pointi: vipande viwili vidogo vya chuma vinavyogusana na kuachana kadiri injini inavyozunguka. Vinapogusana, umeme hupita. Papo hapo vinapoanza kuachana, koili hutoa cheche. Ikiwa injini inazunguka mara 6,000 kwa dakika, basi kila sekunde inazunguka mara 100, na cheche iliyopangwa kutoka nyuzi 15 kabla ya kikomo cha juu imewahi kwa sehemu moja tu katika sehemu 2,400 za sekunde. Muda huo mdogo hautunzwi na kitu kingine isipokuwa skrubu mbili tatu na nati moja, zikiwa zimekazwa.

Sasa tuchukue agizo la mfano. Tumelitunga wenyewe, lakini msomaji aliyewahi kushika vijitabu vya maelekezo vilivyofasiriwa atatambua sura yake:

"Funga pointi mahali pake. Zungusha magineti mpaka pointi zifunguke kabisa. Fungua kidogo, pima nafasi, kisha funga. Ikiwa cheche inachelewa, sogeza bamba mbele."

Mkaguzi wa lugha hataona kosa. Upatanisho ni sahihi, maneno ni ya Kiswahili au yamekwisha kuwa ya Kiswahili, sentensi ni fupi. Hata hivyo agizo hili halifanyiki. "Funga pointi" maana yake ni kuzipachika penye nafasi yake, au kukaza skrubu yake, au kuzifanya zigusane? Kitenzi "funga" kinabeba maana zote tatu, na katika kazi nyingine za nyumbani hakuna hasara. Mtu akiambiwa afunge mlango, afunge mzigo au afunge kamba za viatu, kitu chenyewe humwambia la kufanya. Pointi hazimwambii. Ni kitu pekee, tunadhani, katika pikipiki nzima ambacho kinaweza kufungwa kwa maana zote tatu, na kila moja ikawa ni tendo tofauti la fundi, kwa wakati tofauti, kwa chombo tofauti.

Hali ya "fungua" ni mbaya zaidi. Katika sentensi ya pili "zifunguke" ni kuachana. Katika sentensi ya tatu "fungua kidogo" huenda ni kulegeza skrubu, na huenda ni kuongeza nafasi kati ya pointi. Na kwa kuwa mfasiri ameacha kutaja kinachofunguliwa, mwanafunzi hana njia ya kujua. Kisha linakuja lile "funga" la mwisho, limesimama peke yake kama mtu aliyeachwa na basi. Je, akaze skrubu? Au arudishe pointi zigusane? Au afunike injini? Mwanafunzi mwenye akili atabahatisha, na mara nyingi atapatia, kwa sababu ana macho na ana fundi mkubwa kando yake. Lakini kijitabu kiliandikwa kwa ajili ya yule ambaye hana fundi kando yake.

Jambo la kusikitisha ni kwamba lugha ya gereji haina upungufu huo. Fundi hasemi "funga" pale anapotaka skrubu iimarishwe, husema "kaza". Akitaka iachiwe kidogo, husema "legeza". Kipande kikiwa hakijaingia penye nafasi yake atasema kipachikwe, na kikiwa kitolewe atasema kichomolewe. Maneno haya yote ni ya Kiswahili cha siku nyingi, hayakuhitaji kamati, na kila moja lina mipaka yake. Mwenye kukaza hajapachika. Mwenye kulegeza hajachomoa. Yaelekea wafasiri wetu huyakwepa kwa kuyaona ni maneno ya uani, wakadhani "funga" ndilo la heshima. Sisi twaona kinyume chake. Neno linalojua kazi yake ndilo linalostahili kuingia kitabuni.

Tena kuna hazina ambayo lugha yenyewe imetupa na hatujaitumia vya kutosha, nayo ni kauli ya kutendana. Pointi hugusana na huachana. Mnyambuliko wa -ana unaeleza kwa neno moja kwamba vipande ni viwili, kwamba vinahusiana, na kwamba tendo ni la vyote viwili. Kiingereza hulazimika kusema kwamba pointi "zinafunguka", kana kwamba ni dirisha, kisha kiongeze maneno kueleza kama ni mwanzo wa kufunguka au mwisho wake. Kwa Kiswahili, "pointi zinapoanza kuachana" ni wakati wa cheche, na "pointi zinapokuwa zimeachana kabisa" ni wakati wa kupima nafasi. Tofauti kati ya nyakati hizi mbili ndiyo somo zima. Mwanafunzi anayezichanganya atapima nafasi penye kuwekea cheche, na ataweka cheche penye kupimia nafasi.

Sentensi ya nne ya agizo letu ina mtego wa aina nyingine, na hapa watumishi wa serikali watatuelewa upesi kuliko mafundi. "Sogeza mbele". Mkutano wa saa tatu ukisogezwa mbele, utafanyika saa ngapi? Ofisi nzima itajibu: saa nne, au kesho. Katika Kiswahili chetu cha kila siku kusogeza jambo mbele ni kuliahirisha. Kitabu cha Kiingereza kinaposema cheche "iendelezwe mbele", kinataka itoke mapema zaidi. Mfasiri akishika "mbele" ileile, amemwagiza msomaji achelewesha kile kilichokwisha kuchelewa. Wala hatari haiishii kwenye wakati. Katika injini ambazo pointi zimekaa juu ya bamba linaloweza kuzungushwa, kulisogeza bamba mbele, kwa maana ya kulifuatisha na mzunguko wa magineti, huichelewesha cheche. Kuliwahisha kunataka lizungushwe kinyume cha mzunguko. Basi neno "mbele" limempoteza msomaji mara mbili katika sentensi moja, mara ya kwanza kwa saa na mara ya pili kwa mkono.

Na dawa yake ilikuwa mlangoni. Kiswahili kina "wahi" na "wahisha", kina "chelewa" na "chelewesha". Cheche huwahishwa, cheche hucheleweshwa. Hakuna mtoto wa shule ya msingi atakayekosea maneno haya, na wala hayahitaji maelezo ya pembeni. Twashangaa kuona kwamba mtu huacha jozi kamili kama hii akaenda kuazima "mbele" na "nyuma".

Hasara ya kukosea haikai kwenye karatasi. Cheche ikiwahi mno, mchanganyiko wa petroli na hewa hulipuka pistoni ingali inapanda, na kiki humrudia anayeipiga. Mguu wa mtu umeweza kuteguka kwa pigo moja. Akifaulu kuiwasha hivyo hivyo akaenda nayo, injini itagonga kwa ndani na mwisho pistoni itatoboka. Cheche ikichelewa, pikipiki inawaka vizuri, jambo linalompumbaza mwenyewe, lakini haina nguvu na inapata joto kupita kiasi. Katika nyanda hizi zilizopita mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa nyepesi imekwisha kuipunguzia injini nguvu, dereva ataisingizia kabureta, au petroli, au mlima, kabla hajafikiria kwamba kitabu kilimwambia asogeze mbele.

Tuje sasa kwenye kipande kimoja ambacho kimetusumbua kuliko vingine. Magineti, yaani lile gurudumu zito lenye sumaku, hukaa kwenye ncha ya mhimili iliyochongwa kwa umbo la pia. Kati ya gurudumu na mhimili huwekwa kijipande cha chuma chenye umbo la nusu mwezi, kikaingia nusu yake kwenye mfuo wa mhimili na nusu yake kwenye mfuo wa gurudumu. Kwa Kiingereza kijipande hicho kina jina moja na ufunguo wa mlango. Mafundi wengi husema "kii" na mambo yakaisha. Mfasiri anayechukia maneno ya kukopa atasema "ufunguo", na wengine "kabari".

Tunayakataa yote mawili, na sababu yetu si ya sikio. Ufunguo ni mtoto wa "funga" na "fungua". Anayelisikia jina hilo ataamini kwamba kijipande hicho ndicho kinachofunga gurudumu. Kabari nayo hubana; ndiyo kazi yake tangu mti wa kwanza kupasuliwa. Lakini nusu mwezi ile haifungi wala haibani. Kinacholishika gurudumu ni pia mbili zilizokazwa moja ndani ya nyingine kwa nguvu ya nati, zikiwa safi na kavu. Kijipande huonyesha tu mahali ambapo gurudumu linapaswa kukaa. Nati ikilegea, au pia zikipachikwa na mafuta au uchafu kati yake, mzigo wote hukiangukia kijipande hicho, nacho hukatika kama ukucha. Gurudumu huteleza nyuzi kadhaa, nati inaonekana imekaa, pointi zinaonekana nzuri, nafasi ni ileile iliyopimwa, na cheche haiko tena mahali pake. Fundi aliyefundishwa kwamba nusu mwezi ni ufunguo ataweka nyingine mpya, na itakatika tena kabla ya Kongwa. Fundi aliyefundishwa kwamba inaonyesha nafasi tu atatazama nati na uso wa pia.

Hapa jina limebeba nadharia ya mashine, nayo ni nadharia ya uongo. Kwa hiyo twaona afadhali "kii", neno la kukopa ambalo kwa msemaji wa Kiswahili halina maana nyingine ya kumpotosha, kuliko neno la asili lenye ahadi lisiyoweza kuitimiza. Tunajua kwamba wako watakaotulaumu. Katika kurasa za istilahi kumekuwa na desturi ya kumpima mfasiri kwa idadi ya maneno ya kigeni aliyoyafukuza. Kipimo hicho kinafaa penye siasa na penye mashairi. Penye nati, kipimo ni kama kipande kimekaa.

Ndiyo maana pia hatuna ugomvi na "pointi", "koili", "kondensa" na "plagi". Mashine zilikuja na majina yake. Reli ya kati ilipofika Dodoma mwaka 1910, na matrekta ya mradi wa karanga yalipomwagwa Kongwa kati ya 1947 na 1951, kijana aliyeajiriwa karakana alipewa kitu na jina kwa pamoja, akavichukua vyote viwili nyumbani. Kuyang'oa majina hayo leo ni kazi ya bure. Neno moja tu tungependa lichungwe, nalo ni "washa", ile duara nyembamba inayowekwa chini ya nati. Katika makala ya kuwasha injini, sentensi kama "weka washa kabla ya kuwasha" inachekesha, na "kaza washa" inaweza kusomwa vibaya. Haidhuru, lakini mwandishi aione kabla ya msomaji.

Kuhusu "taimingi" tuna moyo wa pande mbili. Lugha ya pwani ilikuwa na msemo mzuri, kutia saa majira, kwa maana ya kuirekebisha ipate kwenda sawa, na ingependeza kusema kwamba injini nayo hutiwa majira. Lakini neno hubadilika likisafiri bara. Kwa mkazi wa Dodoma, ambaye mvua yake ni ya msimu mmoja tu kwa mwaka, majira ni masika na kiangazi. "Majira ya pikipiki" yatamfanya afikirie miezi ambayo mabonde yanapitika. Kwa maandishi rasmi tungependekeza "wakati wa cheche", maneno mawili yanayosema kitu kilichopo, na "taimingi" tuliachie gereji bila kuliandama.

Alama nazo zataka neno moja. Kwenye magineti ya pikipiki nyingi za Honda kumechongwa herufi T na F. Ya kwanza huonyesha kikomo cha juu cha pistoni, ya pili huonyesha mahali pa cheche. Herufi hizi ni vifupisho vya Kiingereza, na kwa kuwa zimechongwa chumani, hakuna mfasiri atakayezibadili. Lakini kijitabu kinachosema "linganisha alama ya F" bila kueleza, kisha mstari unaofuata kikasema "funga", kinamfanya mwanafunzi Mswahili aamini kwamba F ni ya "funga". Na T bila shaka itakuwa ya "toa". Afadhali mfasiri aandike wazi: F ni alama ya cheche, T ni alama ya kikomo cha juu. Maneno machache tu, na mtego umeteguliwa.

Wapo watakaosema kwamba tunahangaika na maiti. Pikipiki mpya hazina pointi. Cheche yake huongozwa na kisanduku cha elektroniki ambacho mafundi hukiita "sidiai", na bamba lake halisogezwi. Ni kweli, na hata hivyo gurudumu bado limekaa kwenye pia, kii bado ni nusu mwezi, na nati bado hukazwa na mkono wa mtu. Kii ikikatika, kisanduku kitaendelea kuamini kwamba pistoni ipo mahali ambapo haipo. Tena "funga" haikuzaliwa kwenye pikipiki. Imo katika maelekezo ya pampu za visima, ya mashine za kusaga, ya majiko ya gesi na ya mita za maji. Na katika vali ya maji, kama msomaji atakavyojionea, "funga vali" ina shida ileile ya pointi, isipokuwa hapo anayekosea hulowa.

Tumejaribu kuliandika upya lile agizo letu kwa vitenzi vya gereji, bila kuongeza hata jina moja jipya:

"Pachika pointi kwenye bamba, ukaze skrubu yake kidogo tu. Zungusha magineti mpaka pointi ziachane kwa nafasi iliyo kubwa kabisa. Pima nafasi hiyo. Isipokuwa kati ya milimita 0.3 na 0.4, legeza skrubu, rekebisha, kaza, kisha pima tena, kwa kuwa kukaza kwenyewe huweza kuisogeza pointi. Nafasi ikiwa sawa, ndipo utazame wakati wa cheche: pointi zianze kuachana pale alama ya F inapolingana na alama ya kwenye injini. Cheche ikichelewa, iwahishe: legeza bamba, ulizungushe kidogo kinyume cha mzunguko wa magineti, ulikaze."

Ni refu kuliko la kwanza, zaidi ya mara tatu. Wahariri wanaolipia karatasi watalalamika, nasi hatuna jibu la kuwapunguzia gharama. Vipimo, bila shaka, vifuate kitabu cha pikipiki inayohusika. Tulivyotaja ni vya kawaida kwa injini ndogo za namna hii. Mpangilio nao tumeulinda, nafasi kwanza na wakati wa cheche baadaye, kwa sababu kuongeza nafasi hufanya pointi ziachane mapema na hivyo kuiwahisha cheche. Anayeanza na wakati kisha akarudi kwenye nafasi amebomoa alichojenga.

Limebaki jambo moja ambalo hatukuweza kulitatua, nalo tunaliweka mbele ya wasomaji, hasa walimu wa vyuo vya ufundi. Kiswahili kinalo "kaza" kwa kuimarisha kwa nguvu, lakini katika agizo letu tulilazimika kusema "kaza kidogo tu" kwa ile hali ambapo skrubu imeingia, imeshika, lakini kipande bado kinaweza kusogezwa kwa bisibisi. Hali hiyo ndiyo moyo wa kazi yote ya kupanga cheche, na mafundi huionyesha kwa vidole badala ya kuitaja. Ikiwa pana gereji, Dodoma au kwingineko, ambako inatajwa kwa neno moja, tungeomba neno hilo litumwe kwa Baraza kama linavyosemwa, pamoja na sentensi ambayo lilisikika ndani yake.